Maji ya Kwanza Hayanywewi

Raya alikitoa kichujio cha zamani kilichozibwa na chumvi, akafunga kipya, akawasha mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji. Kisha maji yote yaliyotoka akayamwaga chini.

"Shoga, sisi tuna kiu, wewe unaosha mchanga!" alifoka Kidawa, wa kwanza kwenye foleni ya maji. "Bora nirudi kisimani."

"Maji ya kwanza yana dawa ya kuhifadhia kichujio. Mtoto asiyanywe hata tone."

Wenye madumu wakasonya. Hawa wakiondoka, watoto wao watarudia maji ya kisima, yale yale yaliyowaharisha. Hata hivyo alijaza pipa, akamwaga, akajaza tena, akamwaga.

Ndipo akakinga sufuria moja, akaibandika jikoni, akatia majani na maziwa. Wiki nzima chumvi ilikuwa ikiyakata maziwa, chai inabaki mabonge matupu.

Wote wakainamia sufuria, Kidawa mbele, dumu tupu mkononi. Chai ikaanza kupanda, laini, bila hata bonge moja.

"Yamekubali! Jamani, maji yamekubali!" alipaza sauti Raya.

Kidawa akapiga kigelegele, wenzake wakapokea. Povu likafika ukingoni mwa sufuria, na hakuna aliyekumbuka kupunguza moto.