Wazee wa Benchi la Mbele

Zamani, wanyama walipokuwa wakisali pamoja bila kutafunana, kanisa lao lilikuwa na wazee watatu. Kiboko, mwenyekiti, alipenda heshima. Kasuku alipenda kuomba kwa sauti, na Kinyonga alikubaliana na kila aliyezungumza. Walikalia benchi la mbele, na Kiboko hakuwahi kugeuza shingo kuwatazama waumini.

Bibi Punda alipougua, aliomba wazee waje kumwombea. Kiboko akaitisha kikao mara moja. Wakaanza na suala la nani atangulie njiani.

"Mwenyekiti ndiye hutangulia," alisema Kiboko.

"Lakini tunakwenda kuomba, na mwombaji ni mimi," Kasuku akadakia.

"Kweli kabisa," alisema Kinyonga, akiwatazama wote wawili kwa wakati mmoja.

Chai ikanywewa, kikao kikaahirishwa, kikaitishwa tena. Kiboko alijihisi amechoka kwa ajili ya kundi, na uchovu huo ukampendeza.

Wakiwa bado wanabishana, mtu akapiga hodi.

"Subiri nje, mama," alisema Kiboko bila kuinua uso kutoka kwenye kikombe. "Tunamjadili mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Bibi Punda. Hali yake inatutia simanzi."

Bibi Punda, aliyepona kwa uji wa majirani na sasa amekuja kushukuru, akaegemea fimbo yake.

"Poleni, wazee wangu. Mkifika kwake, msalimieni."

Akaenda zake. Kiboko akatikisa kichwa.

"Mmesikia? Mpita njia anamjali, lakini waumini wetu hata mmoja hajaja kumuulizia!"

Kinyonga, aliyekuwa amemwona Bibi Punda kwa jicho moja, akajibu, "Kweli kabisa, mwenyekiti."