Kona ya Nane

Kila mwaka lazima uichore nyumba yako kwenye kompyuta kama masanduku ya kioo, chumba kimoja sanduku moja. Wewe unachora kuta tu. Watu na vitu vilivyomo hujitokeza vyenyewe.

Tunu aliichora stoo mara sita. Mwishowe akagundua kwamba sanduku likitazamwa kwa juu, kona moja ikiwa mbele, kona hiyo huiziba ile ya nyuma kabisa, hata liwe kioo kitupu. Akakoleza mistari. Kwenye kona hiyo ya nyuma, kati ya magunia ya mkaa, alijikunyata kaka yake Mbwana, anayetafutwa tangu Ramadhani.

"Usikohoe," alimwambia, kisha akatuma mchoro.

Asubuhi karani wa mtaa akapiga hodi. Tunu akamkaribisha chai. Karani akaweka tableti mezani, mchoro wa stoo ukiwa wazi.

"Kazi safi, dada Tunu," alisema, akipuliza chai. "Ila nimehesabu kona, nimepata saba. Sanduku lina nane."

Tunu akajichekesha. "Labda macho yamechoka, bwana karani."

"Labda." Akamsogezea tableti. "Hebu lizungushe kidogo."