Gemu za Kumsimulia Boaz

Mwanamke mwenye mkuki aliruka, akampiga adui teke la kifua, na papo hapo Bichage akasimamisha mchezo. Akachukua kalamu. "Teke. Maji yanaruka. Taa nyekundu nyuma yao," akaandika kwenye daftari.

"Wewe unacheza ama unafanya mtihani?" aliuliza Motari, mwenye kibanda cha gemu pale Suna.

Bichage alibonyeza, mchezo ukaendelea. Hakuwa akifurahia. Kwa miaka miwili, kila akitoka kazini, alikuja hapa kutazama kila kitu kwa niaba ya mtu mwingine.

Jumapili asubuhi alipanda gari la Homa Bay, kisha la Mbita. Rafiki yake Boaz alikuwa ameketi nje ya nyumba ya dada yake, Jerusha, uso ameuelekeza barabarani ingawa hakuiona barabara.

"Umechelewa, omera. Haya, wiki hii umecheza nini?"

Bichage akafungua daftari.

"Kuna gemu mpya ya kupigana. Wanapigania juu ya paa la ghorofa, mvua inanyesha. Mimi nimechukua mwanamke fulani wa mkuki. Ana mbio, lakini akikosa shabaha tu, anabaki wazi."

"Picha zikoje?"

"Safi sana. Hata tone la jasho unaliona. Lakini bosi wa mwisho anaudhi, Boaz. Wamempa nguvu kupita kiasi. Amenipiga mara kumi na moja."

"Yule wa minyororo?"

"Huyo huyo. Nikimkaribia, ananivuta."

"Ungeruka kabla hajavuta."

Bichage alitikisa kichwa kukubali. Alidhani alishamtaja huyo bosi Jumapili iliyopita.

Jerusha alitoka na birika la chai. "Mungu akubariki, ndugu yangu," alimwambia Bichage. "Marafiki zake wote walipotea. Umebaki wewe tu."

Bichage alipiga funda la chai, akainamia daftari lake. Jerusha alimshukuru hivyo kila wiki, na kila wiki Bichage alitamani angemtukana.

Miaka miwili nyuma, yeye na Boaz walikuwa wakitoka Uriri, walikoshinda mashindano ya gemu ya mpira. Bichage aliendesha pikipiki. Boaz, nyuma yake, alikuwa bado anacheka lile bao la mwisho. Bichage akageuza kichwa, akaachilia mkono mmoja, amwonyeshe jinsi kipa alivyoanguka. Pikipiki ikaacha lami. Yeye alichubuka kiwiko. Boaz aligonga kichwa kwenye saruji ya kalavati kando ya barabara, na alipozinduka hospitalini, macho yake hayakuona tena.

Bichage aliwaambia polisi kwamba ng'ombe alikatiza barabara. Akamwambia Jerusha hivyo hivyo. Boaz alipoulizwa, alisema hakumbuki kitu. Basi ikawa ni ng'ombe.

"Endelea," Boaz alisema sasa. "Huyo bosi ukimfikisha ukutani anafanyaje?"

Bichage alitazama maandishi yake. Kurasa na kurasa za mvua, taa, nyasi na magoli. Akalifunga daftari.

"Boaz, hakukuwa na ng'ombe."

Jerusha, aliyekuwa akimwongezea kaka yake chai, alibaki ameshika birika hewani.

"Nilikuwa nimegeuka," Bichage alisema. "Nilikuwa nakuonyesha yule kipa. Mkono mmoja nilikuwa nimeuachilia kabisa. Ni mimi, Boaz. Nimekufanya hivi, halafu nikakudanganya, halafu nakuja hapa kila wiki nashukuriwa."

Kuku walipita katikati yao wakidonoa. Boaz aliweka kikombe chini taratibu, akikitafutia mahali kwa vidole.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nyuma yako. Barabara ilikuwa tupu mpaka kule mbele."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekuja tena?"

Bichage alifunika uso kwa viganja, akalia mabega yakitikisika. Jerusha alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaliweka birika juu ya kigoda na kuingia ndani.

Bichage alipangusa macho, akasimama. Aliona ni heri aondoke kabla hajafukuzwa. Na akifukuzwa, alistahili.

"Unaenda wapi?" Boaz aliuliza.

"Nyumbani. Dada yako hawezi kunivumilia hapa."

"Keti."

"Boaz—"

"Nyinyi, ingieni ndani," Jerusha aliita kutoka mlangoni. Hakumtazama Bichage usoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi naenda kisimani. Nikirudi, tutaongea sisi watatu. Nina maneno mengi ya kukuambia."

Alipita na mtungi wake. Boaz aliinuka, akampapasa Bichage hadi akaupata mkono wake, akamvuta ndani.

Televisheni ilikuwa imewashwa. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya paa la ghorofa. Mezani palikuwa na padi mbili za kuchezea gemu, moja mpya, nyingine vitufe vyake vimesuguliwa mpaka alama zimefutika. Boaz alichukua ile iliyochakaa, akaketi kando ya spika, akaliegemeza sikio lake.

"Chukua mwanamke wako. Minyororo ni yangu," alisema.

Bichage alishika padi bila kuelewa. Kengele ililia. Mkuki wake ulikosa shabaha, minyororo ikavuma kutoka kushoto, na kabla hajajua abonyeze nini, mwanamke wake alikuwa amelala chali kwenye maji.

"Hii gemu niliimaliza kwa masikio mwezi uliopita," Boaz alisema. "Inuka, tupige ya pili."