Shati la Hemedi

Bi Shufaa alikuwa haoni tena, lakini alitaka kujua binti yake anachora nini. Mize akamshika mkono, akauweka juu ya picha iliyolazwa mezani.

“Huu mchanga,” alisema Bi Shufaa huku akicheka. “Na hili gunia. Wewe tangu udogo wako kazi kuokota vitambaa chini ya cherehani yangu!”

“Ndiyo hivyo hivyo, mama. Nabandika, halafu napaka rangi.”

Vidole vilipanda hadi kwenye kitambaa kilichokakamaa kwa gundi. Mize alidhani rangi nene imeshakificha. Lakini mama alikuwa amegusa kola, na chini yake kiraka alichokishona kwa mkono wake, siku Hemedi alipokwenda machimboni.

Kicheko kikakatika.

“Ulisema kaka yako kachelewa tu.”

Bi Shufaa alikibonyeza tena kile kiraka.

“Shati lilirudi na nani?”

“Lilirudi peke yake, mama.”

Bi Shufaa hakulia. Alipapasa kifua cha shati kilichoachwa wazi, akakipata kifungo cha juu, akaanza kukivuta kuelekea tundu lake. Gundi ilikuwa imekishika. Akaendelea kuvuta, taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo asubuhi ya baridi.