Matanga Siku ya Mechi

Baba yake Mwanahawa alizikwa Hamburg asubuhi, na jioni timu ya taifa ya Ujerumani ilikuwa na mechi. Sheria haijui msiba: nyumba ya wahamiaji isiyoshangilia goli inanyang'anywa kibali cha kuishi. Ndiyo maana kila sebule yao ina sikio la plastiki juu ya televisheni, kazi yake kupima furaha.

Wanawake walikaa mkekani, kanga vichwani. Mwanahawa aliomba kimoyomoyo mechi iishe bila kwa bila.

Winga akafunga. Sikio likawaka njano.

"Haya jamani, tupige kelele," ami yake, Haji, akanong'ona mlangoni.

"Ami, viatu vyako bado vina udongo wa kaburi!"

"Na wanao bado wanasoma hapa. Piga vigelegele, mwanangu, tusije tukafukuzwa."

Shangazi mmoja akaanza, wengine wakadakia. Mwanahawa naye akapiga, kinyaa kikamjaa mdomoni kama maziwa yaliyochacha. Jirani wa chini, mzaliwa wa pale pale, alikuwa amezima televisheni na kujilalia zake.

Sikio likageuka kijani, likatangaza: "Hongera, familia yenye furaha!"

Mwanahawa akashindwa kujizuia, akaanza kumlilia baba yake. Hapo sikio likarudi njano.

"Goli linakaguliwa kwa video. Likikataliwa, tafadhali lieni."

Ami Haji akamtazama kwa matumaini. "Umeshatangulia, mwanangu. Endelea hivyo hivyo."

Mwanahawa akayafuta machozi haraka kwa ncha ya kanga, sikio lisije likadhani yale ni ya kumlilia winga.