Mabega ya Kipipa

Kila mchoraji mpya wa Kipipa, yule msichana wa vibonzo vya watoto, lazima ampe tabia moja ya kwake. Akishampa, imemtoka mwilini, hairudi tena. Wa kwanza alimpa kicheko, na hadi leo mzee wa watu akifurahi hutabasamu tu. Aliyefuata alimpa ubishi. Mkewe anasema nyumba imetulia.

Mwaka huu zamu ilimwangukia mume wangu.

"Mpe kukoroma kwako, Baba Siwema," nikamsihi. "Nchi nzima itakushukuru, kuanzia mimi."

"Watoto hawapewi kitu cha kutupa, Mama Siwema."

Akampa mabega. Huyu bwana akisikia harufu ya vitumbua, mabega yake huanza kucheza yenyewe, kushoto, kulia, mpaka jikoni. Hayo mabega ndiyo yaliyonifanya nikubali posa yake, maana sura yenyewe, tuyaache hayo.

Jumamosi jarida la Kipipa likatoka. Weee! Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa unatikisa mabega, hata muuza mkaa. Nikajivuna, nikaingia jikoni kukaanga vitumbua vya kumpongeza.

Mume wangu akaja akasimama mlangoni, mabega yametulia kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Vinanukia vizuri," akasema.

Binti yetu Siwema akaruka kutoka kitini, akatikisa mabega kama Kipipa. Baba yake akacheka sana, akachuchumaa mbele yake.

"Hebu nifundishe," akamwambia. "Unaanza na lipi?"