Kupe Mnene Kuliko Wote

Meneja wa duka la ujamaa alishakata kauli: kijibwa cha Bernardo, kile cha manyoya marefu, kinawaletea ndama kupe. Kikikutwa na kupe jioni hii, rungu.

Basi Bernardo alikuwa nyuma ya duka hilohilo, kakibana kijibwa magotini, anakinyoa kwa mkasi wa fundi cherehani. Jua kali, manyoya yanapeperuka kama pamba.

"Tulia wewe! Unataka kufa?"

Kila kupe aliyemng'oa alimponda kwa jiwe. Mwisho akafunua sikio. Mama yangu! Kupe kavimba kama kunde, anang'aa. Akambana palepale kwenye ngozi, akamvuta polepole, huyo, katoka mzima na kichwa chake!

"Nimekukamata!" Bernardo akaruka juu, anapiga kelele. "Kupe mkubwa wee! Umeshiba damu ya wenzio, leo ndio mwisho wako!"

Ndani ya duka debe likaanguka. Mlango wa nyuma ukafunguka, meneja akatoka mikono juu.

"Ndugu yangu, usiniite kupe mbele za watu. Ile sukari ya lori la Tabora nairudisha yote, leo leo."

Bernardo akamfumbata kupe kiganjani.

"Na mbwa?"